Koti la Mikono Mifupi

6 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima, duka la dobi bado limesimama, na pasi kubwa imekufa tena, kwa hiyo natumia ile ya mkaa ambayo wateja wanaipiga picha wakidhani ni pambo. Mama hajambo isipokuwa macho. Siku hizi pale alipo mtu mmoja yeye anaona wawili, na analalamika kwamba wote wawili ni wavivu. Wote wawili ni mimi.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Mama hataki. Anasema kwenye simu unasema "haya, haya, mama" kisha unakata, lakini barua haikatwi. Mtu aliyeishi na karani wa posta miaka arobaini ana haki ya kuiamini bahasha. Kwa hiyo naandika, na majibu yako nitamsomea mezani baada ya kula, nikiruka yasiyomfaa.

Sasa sikiliza. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, na upasuaji ni mwezi Agosti. Mama akasema akifunguliwa kitambaa anataka wa kwanza kumwona awe wewe. Mimi ninayemshika mkono mpaka bafuni kila siku ni wa pili kwenye foleni. Sina kinyongo. Ninakuarifu tu.

Nimesikia redioni kwamba yule mwimbaji wako, Umeme, ametoa wimbo mpya. Huu ni mwaka wa kumi na tano tangu azikwe. Hapa mtaani kuna vijana wazima, wana mikono miwili na mapafu, hawajafanya kazi yoyote tangu mwaka uanze, na marehemu wako ameshatoa nyimbo mbili. Hongera zake. Bado umemtundika ukutani, au wifi amepata akili akambandua?

Njoo Agosti. Uje kwa ajili ya mama, kama si kwa ajili ya mtu mwingine.

Dada yako wa pasi


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya pasi nyuma ya bahasha, kwa hiyo nimejua haikughushiwa. Wifi yako anakusalimu na hajambandua mtu. Kazini kwangu bado ni lifti zile zile nne, ghorofa kumi na tisa. Wapangaji wanaamini kwamba kitufe kikibonyezwa mara thelathini lifti inaona aibu na kuja haraka. Mimi fundi wao nimeacha kubishana nao.

Unamcheka Umeme kwa kuwa hafi. Mimi nimelifikiria jambo hilo sana, hasa nikiwa juu ya paa la lifti, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza. Wenye sauti nzuri kumzidi walikuwepo. Wenye sura nzuri walikuwa wengi zaidi. Lakini yeye alitoka mbele ya umati, pale ukumbi wa mji wetu, amevaa koti linalombana kama la kuazima, mikono imeishia juu ya vifundo, akaimba kama vile hakuna kilichoharibika. Kila aliyewahi kuvaa nguo isiyomtosha alijiona pale. Mtu wa namna hiyo anazikwaje akaisha? Chama chetu cha wapenzi wake kina watu arobaini na sita, na mimi, cheka sasa, ndiye mwenyekiti. Kila mwaka siku aliyofariki tunavaa makoti ya mikono mifupi. Ninayo manne. Yote nilimpelekea fundi ayapandishe mikono, vidole vinne juu ya kifundo. Na mwezi Mei maonyesho ya vitu vyake yanafika hapa, pamoja na koti lenyewe.

Kuhusu Agosti. Dada, usijifanye hujui. Mimi niliingia kwenye onyesho lile kwa kubeba spika, bega langu la kulia linakumbuka mpaka leo. Baba alikuwa na sherehe ya kuagwa posta Jumatatu yake, na koti lake la harusi, alilolileta dukani kwenu kunyooshwa, halikuonekana. Wewe ulimwambia ulinikabidhi mimi mkononi. Yeye akajumlisha, akapata kwamba nimeliuza nikaenda kumwona mwimbaji. Akaniita mwizi mezani, chakula kikiwa kinapoa, mama akigawa. Nikaondoka wiki ile ile. Baba amekufa hajalifuta neno lile, na mazikoni nilisimama nyuma kama mgeni.

Sijawahi kukuuliza kwa nini ulisema vile. Leo pia siulizi. Ila siwezi kuja mama anione kwa macho mapya nikiwa yule yule mwizi wa zamani. Mpaka neno lile liondoke, mimi nipo huku na lifti zangu.

Usimsomee hii. Msomee ile habari ya vitufe.

Kiroboto


2 Aprili

Mdogo wangu, Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu. Mama amecheka sana habari ya vitufe, ameagiza niisome mara tatu. Mvua imenyesha siku tisa, nguo hazikauki, na mteja mmoja amenituhumu kwamba shati lake limepungua. Shati halijapungua. Yeye ndiye aliyeongezeka, lakini mimi ni mfanyabiashara, nikamwomba radhi kwa niaba ya maji.

Watu arobaini na sita! Watu wazima, wenye meno bandia wengine, mmesimama ukumbini na mikono nje kama watoto waliokua ghafla wakati wa likizo. Na sasa mtapanga foleni kutazama nguo za marehemu. Kama ni nguo za marehemu, mimi ninazo hapa dukani za marehemu kumi na wawili ambao hawakurudi kuzichukua. Njoo nikufanyie maonyesho. Kiingilio ni bure na utapewa chai.

Hivi, hilo koti litakuwa ndani ya kioo? Mtu anaweza kusogea karibu, au kuna kamba? Taa zao ni kali? Nauliza tu kwa sababu mwanga mkali unaharibu sufu, mimi ni mtu wa nguo. Kwa kweli nakushauri usiende. Utasimama saa nzima, mgongo utauma, na ukifika utakuta koti jeusi. Koti jeusi ni koti jeusi.

Yale mengine uliyoandika nimeyasoma. Mambo ya zamani ni ya zamani, na mwenye kuyaamua hayupo tena. Mama anahesabu siku za kufika Agosti. Usimfanye ahesabu bure.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Nimekwenda. Nilisimama kwenye foleni saa mbili, sio moja. Ndani kuna viatu vyake, miwani yake, hata kikombe ambacho hakikuoshwa, sijui kwa heshima au kwa uvivu. Koti liko katikati ya chumba peke yake, kwenye kioo cha kuzunguka, na taa nne. Hakuna kamba. Wameliwekea mkono mmoja juu, kama linapunga, ili watu waone vizuri ndani ya kwapa.

Kwenye kwapa la kushoto kuna mpasuko ulioshonwa kwa uzi wa kijani. Kibao kimeandikwa: "Uzi wa kijani, ishara ya matumaini, ulishonwa na msanii kwa mkono wake mwenyewe usiku wa kuamkia onyesho." Mfuko wa ndani una doa la zambarau. Kibao: "Hapa ndipo alipoweka kalamu aliyoandikia nyimbo zake." Kuhusu mikono: "Aliikata makusudi, kutangaza uhuru."

Mikono haijakatwa, Dada. Pindo lake ni la fundi, la tangu mwanzo. Lilishonewa mtu mwenye mikono mifupi.

Uzi ule naujua. Nilikuwa nimeketi chini nikimshikia mama taa siku alipoushona, na mshono wake wa kurudi nyuma mara mbili hauna mfano duniani. Doa la zambarau ni wino wa muhuri wa posta. Baba alikuwa anatia muhuri mdogo mfukoni akirudi nyumbani, na mama alikuwa anapiga kelele kila Ijumaa.

Nilizunguka kile kioo mara saba mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia ndiyo. Akanionyesha ofisi ya vitu vilivyopotea. Nikacheka, nikashindwa kuacha, wanachama wenzangu wakadhani mwenyekiti amezidiwa na mapenzi. Wakanisifu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Waliosema hivyo hawakujua watakuwa sahihi kiasi hiki.

Sasa nauliza. Koti la baba lilifikaje mgongoni mwa Umeme?

Kiroboto


25 Juni

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Salamu kutoka kwa mama. Pasi kubwa imetengenezwa, nimebadilisha waya na kile kidude cha joto, sasa inawaka vizuri ila inanukia kidogo. Tumepaka rangi ukuta wa mbele. Jirani wa mkono wa kulia ameoza mtoto. Kulikuwa na upepo juzi ukaangusha kamba nzima ya mashuka, nikayafua upya yote. Daktari amethibitisha tarehe, ni kumi na tano Agosti. Mama anakula vizuri.

Sina zaidi.

Dada


3 Julai

Dada,

Shikamoo. Sikuuliza habari za pasi.

K.


14 Julai

Kiroboto,

Nimeianza barua hii mara nne. Tatu zimekwenda kwenye jiko la mkaa, na mashati ya watu yamenyooka kwa maneno yangu.

Wewe ulikuwa na bango. Mimi nilikuwa zaidi yako. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najua nyimbo zake zote mpaka mahali anapovuta pumzi, na sikumwambia mtu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, mwenye akili, mwenye kazi. Ijumaa ile dereva wake akaingia dukani na koti lake, la kunyooshwa, atalifuata Jumamosi saa nne. Akaliweka mikononi mwangu. Mikononi mwangu mimi.

Nilinyoosha polepole kuliko nguo yoyote. Jioni nikataka nikae nalo nyumbani, kwa usiku ule tu, nilirudishe duka likifunguliwa. Lakini unamjua bosi wangu wa zamani. Kabla hajafunga anapita mstari mzima, kila namba lazima iwe na koti lake. Koti la baba lilikuwa pale pale jirani, jeusi vile vile, tayari kwa Jumatatu, bila namba kwa kuwa lilikuwa la nyumbani. Nikatoa karatasi yenye namba ya Umeme, nikaibana kwenye koti la baba kwa pini. Bosi akapita, akaridhika. Mimi nikatoka na koti la Umeme chini ya gauni.

Dereva hakungoja saa nne. Alikuja alfajiri, bosi alikuwa analala nyuma ya duka, akampa kilichokuwa na namba yake. Mimi nilifika saa mbili na koti kwenye kikapu, nikakuta ndoano tupu. Mchana ukaja wewe kulifuata la baba, nikakwambia halijawa tayari. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipokudanganya. Ya pili ilikuwa mezani.

Nilijiambia Umeme ataona halimtoshi na atalirudisha. Jumatatu picha yake ikawa ukurasa wa kwanza, na nchi nzima ikataka koti kama lile. Sasa nani arudishe? Baba alilitazama gazeti, akiwa ndani ya koti aliloazima kwa jirani, lile kubwa la kwenye picha yake ya ukutani hapa nyumbani. Akasema: "Kijana huyu ana hela zote hizi, hata koti la kumtosha hana." Mimi nilikuwa namfunga tai. Hakulijua koti lake mwenyewe, nami nikaendelea kufunga.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ina miaka thelathini na mmoja na bado naitembea. Kila mwaka nilikuwa nasema mwaka huu nitasema. Baba alipougua nilikaa kando ya kitanda siku kumi na moja, na kila siku nilimweleza habari za hali ya hewa.

Koti la Umeme liko kwenye sanduku langu. Ndiyo nguo pekee niliyowahi kuipokea nisiifue. Nilipokuwa nakucheka, Kiroboto, nilikuwa najifunika. Wewe una bango na huna la kuficha. Mimi nina koti, na halijanipa siku moja ya raha.

Nisamehe. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Dada yako


29 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ndani ya lifti namba tatu. Niliisimamisha kati ya ghorofa ya sita na ya saba ili nisisumbuliwe. Watu walipiga kengele sana. Nikawaambia kuna hitilafu kubwa, inashughulikiwa.

Nimekukasirikia siku kumi, na bado naendelea, kwa hiyo usinione naandika ukadhani yamekwisha. Miaka thelathini na mmoja, Dada. Kwa ajili ya kukaa na koti usiku mmoja. Hata mimi mwenyekiti sijafika huko.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi ya uongo wako. Makoti manne nimempelekea fundi ayapandishe mikono ili nifanane na Umeme. Nimesimama mbele ya kioo nikipima vidole vinne. Kumbe Umeme mwenyewe alikuwa amevaa kama baba. Kila mwaka nimevaa kama mtu aliyenifukuza, nikapiga picha, nikafurahi, na watu arobaini na sita nyuma yangu wote wamevaa kama karani wetu wa posta. Kama angejua, angetutoza faini.

Na bado nampenda Umeme, usinielewe vibaya. Koti lilikuwa la baba, lakini kuimba aliimba mwenyewe. Angeweza kulitupa akagoma kutoka. Alitoka.

Umeniomba msamaha kwa barua. Lakini mimi sikuitwa mwizi kwa barua. Niliitwa mezani, mbele ya mama. Nakurudishia barua yako ndani ya bahasha hii; kaisome mezani, pale pale, bila kuruka hata neno. Ukishasoma niandikie. Hapo ndipo nitakapojua kama nina Agosti.

Kiroboto


23 Agosti

Mdogo wangu,

Upasuaji umekwenda vizuri. Wewe hukuwepo kitambaa kilipofunguliwa, na kwa hilo namlaumu mtu mmoja tu, sitaji jina, ana pasi. Mama alinitazama, akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Kisha akatazama mlangoni, akatazama tena.

Jana baada ya kula nikatoa barua, yangu na yako, nikaketi kwenye kiti changu cha siku zote. Nikasema "Kiroboto," nikakwama. Mama akanyoosha mkono. Akasema, "Lete. Sasa naona."

Akasoma mwenyewe, kwa sauti, kidole chini ya kila mstari. Unajua anavyosoma, hapiti neno mpaka alimalize. Nililazimika kukaa nikisikia dhambi zangu kwa sauti ya mama, polepole, pamoja na pini na gauni. Alipofika penye tai ya baba alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma upya. Nikadhani ameishiwa na mwanga. Hapana.

Akaomba nilete koti la Umeme. Akalinusa. "Halijafuliwa hili. Na wewe unajiita dobi." Kisha nikamsomea mimi ile barua yako ya vibao, ambayo niliiruka yote mwezi Mei. Kwenye ishara ya matumaini akacheka mpaka akafuta macho, na daktari alishakataza. Baada ya hapo akaacha kucheka, na tangu wakati ule hajasema nami neno. Ananyoosha kidole kwenye chumvi. Nampa. Ni haki yake, wala sitanii.

Asubuhi hii nimepita sebuleni nikamkuta ameishusha picha ya baba, ile ya koti kubwa la jirani. Ameiegemeza kwenye birika mezani, mahali alipokuwa anakaa, na anamsomea barua yangu. Alianza tangu "Kiroboto." Nilisimama nyuma ya mlango mpaka mwisho, nikalia, na sikujificha.

Ameniomba karatasi kwa kidole. Haya hapa chini ni yake, sikugusa.

Dada yako

*

Mwanangu,

Ninaona vizuri. Hukuiba. Siku ile mimi moyo wangu ulikataa, lakini niliendelea kugawa chakula, na hilo halimhusu dada yako, ni langu. Nisamehe.

Koti la baba yako waachie watu wa kioo, linawafaa. Ila waambie uzi mweusi ulikuwa umeisha.

Njoo na hayo makoti yako yote manne. Mikono mifupi ilikuwa ya baba yako. Wewe mikono yako ni mirefu, umeichukua kwangu. Nitayashusha mapindo mwenyewe. Uzi wa kijani bado upo.

Mama